Kabla ya bembea, niambie chini patakuwa na nini

Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Kihonda, Morogoro. Kazi inayonilisha ni mageti, grili za madirisha na mapaa ya chuma, lakini siku hizi watu wanaojenga huku pembezoni mwa mji wanataka pia kitu cha watoto nyuma ya nyumba: bembea, ngazi ya kukwea, mtelezo. Simu ya namna hiyo ikiingia huwa nafurahi kweli. Mtoto mwenye pa kuchezea kwao hachezei barabarani kwenye bodaboda, na mzazi anayetoa hela kwa ajili ya michezo ya mwanawe amefanya jambo la maana.

Mteja huanza na rangi, kisha viti vingapi, kisha bei. Mimi nina swali langu ambalo nauliza kabla sijafungua futi: chini patakuwa na nini?

Nauliza kwa sababu nyumba nyingi sasa zinatandikwa pevingi kuanzia getini mpaka uani. Panapendeza, masika hakuna tope, gari halizami. Lakini bembea juu ya pevingi siweki, na nimeshaacha kazi za watu kwa sababu hiyo. Mama mmoja wa mtaa wa jirani tulibishana naye karibu asubuhi nzima.

"Fundi, mimi vumbi sitaki. Nisimikie hapohapo kwenye pevingi."

"Mama, hapo siwezi."

"Mbona shuleni kwao ziko kwenye sakafu?"

"Ziko, mama. Na watoto wanavunjika mikono."

Nikavuta futi mpaka mita 2, usawa ambao boriti ingekaa, nikamwomba anishikie ncha ya chini. Mtu akianguka kutoka mita 2 anafika chini kwa kasi inayopita kilomita 22 kwa saa, awe mtoto awe mtu mzima. Kwenye mchanga wa kutosha kichwa kinazama kidogo kabla hakijasimama, na sentimita hizo chache ndizo zinazoamua kama mtoto atalia kisha akanyamaza, au atakimbizwa hospitali. Kwenye pevingi hakuna pa kuzama. Kasi yote inaishia kwenye fuvu, au kwenye mkono uliotangulia kujikinga.

Yule mama aliachia futi, akazitazama pevingi zake, akaniuliza ni eneo kiasi gani ling'olewe. Tulizing'oa vizuri bila kuzivunja, akatengenezea njia ya kwenda bombani.

Udongo mtupu nao usikudanganye. Ardhi ya huku kiangazi inakauka mpaka jembe linadunda. Nyasi ni nzuri kwa macho, ila chini ya bembea hazidumu, miguu ya watoto inazimaliza mapema na unabaki na kipara kigumu palepale wanapoangukia. Kwa hiyo jibu langu ni mchanga, tena wa kina.

Kina gani? Tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, CPSC, inasema sentimita 23 za mchanga zinamkinga mtoto anayeanguka kutoka mita 1.2. Kiwango cha Ulaya, EN 1176, kinakubali sentimita 20 za mchanga safi kwa anguko la hadi mita 2, halafu uongeze sentimita 10 za akiba kwa sababu miguu itautawanya. Mmarekani ni mkali zaidi, na mimi naegemea upande wake: najaza sentimita 30 na zaidi, na kile kibaraza cha juu ya mtelezo sikipandishi kupita mita 1.2. Watoto wanafurahi vilevile. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba mtelezo wake ni mfupi.

Mchanga wenyewe uwe wa mto, uliochekechwa. Kabla hujalipa tripu, chukua chupa ya maji ya kunywa, jaza mchanga hadi nusu, ongeza maji, tikisa, uiache itulie. Mchanga mzuri unashuka mara moja na maji yanabaki maangavu. Ukiona tabaka nene la matope limejilaza juu ya mchanga, mrudishie dereva, maana huo ukinyeshewa na kukanyagwa utashindilika, na baada ya msimu mmoja utakuwa umerudi kwenye ardhi ngumu uliyokuwa unaikimbia. Hata ule mzuri unahitaji kupinduliwa kwa reki au jembe mara kwa mara, hasa chini ya kila kiti, ambapo miguu huchimba shimo.

Shimo unalochimba liwe la sentimita 40 hivi. Chini weka tabaka la kokoto, juu ya kokoto tandaza viroba vilivyopasuliwa, vile vya kufumwa vinavyopitisha maji, kisha mwaga mchanga. Bila hivyo masika yanakuachia bwawa. Acha pia njia ya maji kuelekea mtaroni. Kingo nazifanyia matairi ya zamani yaliyofukiwa nusu. Matofali yaliyosimamishwa kwa pembe, ambayo watu wanayapenda kwenye bustani, yasikaribie hapo kabisa, maana utakuwa umetengeneza mahali pa kuangukia ukapazungushia meno.

Halafu kuna kuku na paka. Kuku wakiuona mchanga laini hawaachi kupekua, na kufikia jioni nusu yake uko nje ya kingo. Paka yeye anauona choo, na kinyesi cha paka na mbwa kina mayai ya minyoo ambayo mtoto anayechezea mchanga anayapeleka mdomoni bila kujua. Kuku wafungiwe kwa wavu, na usiku mchanga ufunikwe kwa turubai. Asubuhi turubai ifunuliwe na mtu mzima, taratibu, aikung'ute, kwa sababu nge nao wanapenda kulala hapo.

Wengine huniuliza kuhusu maranda, kwa kuwa viwanda vya mbao viko karibu na wanayapata kwa bei ndogo. Maranda membamba yanapeperuka. Vipande vya mbao vinavyotoka kwenye mashine ni bora, na kwa mujibu wa CPSC sentimita 23 za vipande hivyo zinahimili anguko la hadi mita 3, yaani vinaushinda mchanga. Tatizo letu hapa ni mchwa. Wanavila kutoka chini na wewe juu huoni kitu. Ukivitumia, uwe tayari kuongeza kila mwaka, na usichukue vya mbao au nguzo zilizotiwa dawa.

Nafasi. Kuzunguka kitu chochote cha kukwea acha mita 1.8 pasipo kitu. Bembea inataka zaidi: mbele na nyuma acha mara mbili ya urefu wa boriti. Boriti ya mita 2 inataka mita 4 mbele na mita 4 nyuma, na viwanja vingi vya mjini havina nafasi hiyo. Basi nashusha boriti hadi mita 1.5, tukawa tunahitaji mita 3 kila upande. Viti visizidi viwili kwenye fremu moja, vikiachana kwa sentimita 60. Na tafadhali hamisha kamba ya kuanikia nguo. Nimeshaiona imepita hatua chache mbele ya bembea, usawa wa shingo ya mtoto anayekimbia, na kila mtu pale nyumbani amezoea kuinama bila hata kufikiri. Mtoto wa mgeni hajazoea kuinama.

Sasa chuma, ambacho ndicho ninachokijua kuliko vyote.

Ukutani karakanani nimetundika vipande viwili vya mbao. Kimoja kina upana wa sentimita 9, kingine 23. Kila ngazi, kila reli ya kushikilia, kila uwazi kati ya nondo na nondo, napitisha vipande hivyo. Uwazi ambao kile kidogo kinapita na kile kikubwa hakipiti, naukata na kuuchomelea upya. Sababu yake ni hii: mtoto mdogo huingiza miguu kwanza. Kiwiliwili kinapenya, kinaning'inia upande wa pili, na kichwa kinakwama. Mwili wake wote unaning'inia kwa shingo, na wala hawezi kuita. Kwa hiyo uwazi uwe mdogo kiasi kwamba kiwiliwili hakipenyi, au mkubwa kiasi kwamba kichwa nacho kinatoka. Hapo katikati ni mtego. Ukishalijua hili hutaangalia tena grili za baraza na ngazi za ghorofani kwa macho yaleyale, na ni vizuri uziangalie.

Bolti zangu zinafungwa kwa nati zenye nailoni ndani, zisilegee kwa mtikisiko. Ncha inayobaki nje ya nati isizidi nyuzi mbili, inayozidi naikata kwa grenda, naisugua na kuivisha kofia. Ncha za paipu zote naziziba. Paipu iliyoachwa wazi inaingia maji na kuoza kutoka ndani, na nyigu wanajenga humo, na nyigu waliotikiswa na bembea hawachagui wa kumuuma. Ndoano za mnyororo zifungwe kabisa, isibaki nafasi hata ya kupitisha sarafu, la sivyo zinanasa nguo. Mnyororo wenyewe nauvisha kipande cha mpira wa kumwagilia bustani pale mikono inaposhika, usibane vidole.

Sehemu inayokufa kwanza ni pete ya juu kabisa ya mnyororo, ile iliyokalia ndoano. Kwa chini huioni. Panda ngazi, inua mnyororo kwa mkono mmoja uondoe uzito, chungulia pale chuma kinapokutana na chuma. Mpya ni duara. Iliyoliwa imepata kijidimbwi kinachong'aa upande wa ndani, wakati kwingine kote pana rangi au kutu. Ukikiona hicho, badilisha, usingoje. Kamba ya katani inataka uangalizi zaidi, maana mvua na jua vinaimaliza. Izungushe kinyume cha msokoto ufungue nyuzi za ndani. Zikiwa nyeusi au zinatoa unga, kamba imekwisha hata kama nje inaonekana nzima.

Ukitaka kiti cha tairi, chukua tairi la nyuzi, siyo la waya. La waya likichakaa linachomoza sindano za chuma kwenye mapaja ya watoto. Litoboe matundu kadhaa upande wa chini maji yatoke, kwani mbu waenezao dengi wanazaliana kwenye maji yaliyotuama kama hayo, na Dar es Salaam walioupata mwaka 2014 na 2019 wanaujua ugonjwa huo.

Nguzo nazisimika kwenye zege lenye kina cha kutosha, na kichwa cha zege kinabaki chini ya mchanga kabisa. Zege lililochomoza ni jiwe ulilolipanda mwenyewe. Likikauka, kijana wangu mwenye mwili mkubwa kuliko wote ndiye anayebembea wa kwanza, kwa nguvu, huku mimi nimeshika nguzo nisikilize kama inacheza. Watoto wanasubiri wakiwa wamejipanga, na huo ndio wakati ninaoupenda kuliko malipo.

Mtelezo wa bati uwe kivulini. Saa saba mchana bati linaunguza ngozi ya mtoto kabla hajafika chini. Mwembe unatosha, mnazi hapana, nazi moja inatosha kuua. Mzazi, usimpakate mtoto mkateleze pamoja. Unadhani unamlinda, lakini kiatu chake kikinasa ukingoni uzito wako unaendelea kushuka, na mguu unavunjika chini ya goti. Akiwa peke yake angesimama tu. Kama hawezi kuteleza peke yake, mtelezo huo bado si wake.

Kamba za kuruka, vipande vya kanga, leso, mikufu, kofia za jaketi zenye kamba: vyote viachwe kando kabla ya kupanda. Mabinti waliotoka madrasa, mtandio unaoning'inia uvuliwe au ufungwe vizuri nyuma, na hijabu ya kushonwa ni salama zaidi. Ukikuta watoto wamefunga kamba kwenye boriti kwa mchezo wao, ifungue siku hiyohiyo.

Nimeshasikia wazee wakisema sisi tulikulia juu ya miembe na hatukufa. Nawaheshimu, na kuhusu kukwea nakubaliana nao kabisa. Mtoto apande, ateleze, ajaribu mkono mmoja, aogope kidogo. Mikwaruzo ya magoti ni haki yake. Ninachokataa ni hatari ambayo yeye hawezi kuiona: mnyororo ulioliwa juu, uwazi unaokamata kichwa, sakafu ngumu. Urefu anauona kwa macho yake na anaupima mwenyewe, vizuri kuliko tunavyodhani.

Anayewaangalia asiwe jikoni. Mara nyingi ni dada wa kazi, na utamkuta anaambiwa awaangalie watoto watatu huku anapika na kufua. Hiyo si haki kwake wala kwao. Weka benchi kivulini, mahali ambapo viti vyote vya bembea vinaonekana, na muda wa michezo uwe muda wake wa kukaa hapo. Wadogo wa miaka miwili mitatu wacheze saa yao, wakubwa saa yao, kwa sababu kiti chenye mtoto wa miaka tisa kikirudi kinamkuta mdogo usoni.

Uani kwenyewe tembea na magoti, kweli, upige magoti uone mtoto anachokiona. Utakuta misumari ya wajenzi, vipande vya bati, chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa. Mnyaa ulio kwenye uzio hutoa utomvu ukivunjwa, na utomvu huo ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Ukiingia, osha jicho kwa maji mengi yanayotiririka muda mrefu, kisha nenda hospitali. Mbono kaburi nao mbegu zake zina ladha tamu, mtoto hatatema, ataishia kutapika na kuharisha. Panda kitu kingine upande wa watoto. Mifuniko ya chemba, shimo la choo na kisima cha kuhifadhia maji iwe ya zege au chuma, ifungwe kwa kufuli, na mtu mzima asimame juu yake ahakikishe. Ndoo na mabeseni yamwagwe, maana mtoto anayejifunza kutembea anazama hata kwenye maji ya sentimita 5. Aliyetumbukia shimoni, piga 114, Zimamoto na Uokoaji, usimshushe mtoto mwingine kumfuata.

Nimeacha geti mwisho kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Mzazi ananiita kwa ajili ya bembea, napita kwenye geti la kuslaidi ambalo halina stopa, na watoto wanalisukuma kwa zamu, mmoja amening'inia. Kwao nalo ni bembea. Piga hesabu: mita ya mraba ya bati la milimita 1.5 ina karibu kilo 12. Geti la mita 4 kwa 2.2, bati peke yake linapita kilo 100, na bado hujaweka fremu. Likifika mwisho wa reli na hakuna cha kulizuia, linatoka kwenye rola za juu na kulala chini, na mtoto aliyekuwa analisukuma yuko ubavuni mwake.

Mafundi wenzangu, geti bila stopa pande zote mbili halijakwisha, hata kama mteja ameshalipa na anataka kuingiza gari. Kizuizi cha chuma kila mwisho wa reli, kilichochomelewa na kushikwa na zege, siyo tofali. Rola za juu jozi mbili, ili moja ikivunjika geti lisiegemee. Kishikio kiwe usawa wa mtu mzima. Na wewe mwenye nyumba, geti lako usilisukume kulijaribu, liache lilivyo, kisha tembea hadi kila mwisho wa reli uangalie kwa macho ni kitu gani kinalizuia. Kama huoni kitu, tia kufuli, watu watumie mlango mdogo, na bembea isubiri mpaka hilo liishe.